Nyumba ya Kina Inada

Katika karakana ya Bwana Nagami, mjini Matsue, kijiji hakiwi kijiji mpaka wenyewe waje wakikosoe. Hiyo ndiyo desturi ya kazi yao. Wao hutengeneza vitu vya makumbusho: vibao vya maelezo, makabati ya vioo, taa za kumulika vyungu vya kale, na zaidi ya yote vijiji vidogo vya mbao vya mahali ambapo hapapo tena. Kijiji kikishachongwa huachwa cheupe pe, bila rangi. Kisha wazee waliozaliwa pale huitwa, hupewa vibendera vya karatasi na kalamu, na huachiwa waguse, wabishe, wagombane. Rangi hupakwa baada ya ugomvi kwisha. Bwana Nagami husema kazi isiyogombewa haifai kuonyeshwa mtu, na kwa hilo, ingawa ni mtu wa maneno mengi, hakosei.

Aliyechonga kijiji cha Kayatani alikuwa Mizue Katagiri, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye vidole vilivyojaa alama za kisu. Kayatani yenyewe ilikuwa chini ya bwawa la umeme kwa miaka hamsini. Kilichobaki ni picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege kabla maji hayajaingia, na kwa picha hiyo Mizue alichonga kila paa, kila ngazi ya mashamba ya mpunga, kila kipande cha ukuta wa mawe. Nyumba moja haikuzidi kiberiti. Alifanya kazi hiyo majira yote ya baridi, akakizoea kijiji hicho hata akawa anajua ghala la nani limepinda, naye hakuwahi kukanyaga pale.

Siku ya wazee kuja, walishuka kwenye basi dogo na vifurushi vyao vya wali na figili za chumvi, wakaingia wakiwa wametulia kama watu waliokuja kumtazama mgonjwa. Walizunguka meza. Kisha mzee mmoja akaona mahali alipoangukia kutoka kwenye mti wa mkarati utotoni, akapiga kelele, na kuanzia hapo karakana ikawa haikaliki. Huyu anasema daraja lilikuwa juu zaidi, yule anasema wewe ulikuwa mlevi wakati wote, daraja utalijulia wapi. Vibendera vikasimama juu ya mapaa kimoja baada ya kingine, kila kimoja na jina la ukoo. Mizue alikuwa akiandika huku anacheka. Alikuwa na furaha, na furaha ya kazi iliyopokelewa ni tamu, asikudanganye mtu.

Ilipofika saa ya chakula akaona nyumba moja haina kibendera. Ilikuwa juu kabisa, ng'ambo ya kijito, karibu na mahali maji ya mashamba yalipoanzia. Akauliza kwa adabu ile ni ya nani.

Mwanamke mmoja akaanza kutafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa. Mzee Kurahashi Tokuzo, mwenyekiti wa chama cha watu wa Kayatani, akanyoosha mkono, akaing'oa ile nyumba kwa vidole viwili, akaiweka pembeni mwa meza karibu na vikombe vya chai.

"Hapa hapakuwa na kitu, binti," alisema. "Miti tu."

Mizue alikuwa na picha. Paa ni paa, na miti haitoi kivuli cha mraba. Lakini picha hakuitoa. Tuseme ukweli: aliogopa. Hakumwogopa mzee, aliogopa kuiharibu siku nzuri. Wazee wakaendelea kula, wakarudi kubishana juu ya daraja, lakini kwa sauti ya chini kidogo.

Jioni alipomweleza Bwana Nagami, bosi wake alijikuna kichwa, akasema mambo ya vijiji yana mizizi mirefu kuliko miti yake. Funika kombe mwanaharamu apite. Chama ndicho chenye maonyesho, chama kimesema miti, basi panda miti. Mizue akaitia ile nyumba kwenye kisanduku cha mabaki, akapanda miti. Aliitengeneza kwa sifongo na njiti, akaipaka kijani cha aina nne. Ikatokea kuwa miti mizuri kuliko yote kwenye kijiji kile. Mkono wake haukujua kufanya kazi mbaya hata pale ambapo ungepaswa kujua.

Mwenyekiti akatia saini. Gazeti la mkoa likatoa picha ya Kayatani ikiwa na rangi zake, na habari kwamba itafunguliwa katika makumbusho madogo kando ya bwawa.

Siku chache baadaye alikuja karakana mwanamke wa miaka sabini na kitu, mfupi, na mkoba mgongoni, akauliza kama inaruhusiwa kutazama. Mizue akampeleka mezani. Mwanamke aliweka mikono nyuma, kama mtoto aliyeonywa asiguse, akaanzia darajani. Macho yake yalipanda polepole na kijito, na midomo ikawa inataja majina ya nyumba kwa mnong'ono, bila kuvisoma vibendera. Alikuwa anavitangulia. Alifika mwisho wa mashamba, akavuka kijito, akasimama.

"Miti mizuri," alisema. "Inapendeza."

Mizue akamletea kiti, akamletea chai, kisha akasema lililokuwa la kusema: kwamba palikuwa na nyumba, kwamba aliiona kwenye picha, kwamba iling'olewa naye akapanda miti akijua.

"Wewe hukuing'oa, mwanangu. Iling'olewa nikiwa na miaka tisa."

Jina lake lilikuwa Fusae, na kabla ya kuolewa Hiroshima alikuwa wa ukoo wa Inada. Alisimulia bila haraka. Mwaka wa ukame baba yake alifungua mlango wa mfereji usiku, akayaelekeza maji ya zamu ya wengine kwenye mpunga wake. Alishikwa. Kijiji kikakaa kikao, kikaamua kuitenga nyumba yake: wasisalimiwe, wasisaidiwe, wasialikwe.

"Na aliiba kweli. Sikuja hapa kumtetea," alisema. "Alitengwa kwa maji ya usiku wa siku tatu. Mwishowe maji yakaja yote, yakatufunika sote, mwizi na mwibiwa." Akacheka. Mizue alishindwa kucheka naye.

Kisha akasema jambo ambalo Mizue hakuweza kulitoa kichwani. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka kumi na miwili, na siku hiyo kijiji kizima kilikuja. Wanaume walibeba jeneza, wanawake walipika, na mke mpya wa nyumba ya Kurahashi alimkalisha chini akamchana nywele, akazifunga vizuri, akamwambia anyooshe mgongo. Siku iliyofuata walikutana njiani. Fusae akamwamkia. Yule mke akatazama shamba, akapita.

"Mpaka leo sijui lipi liliniuma zaidi," alisema. "Wajukuu wangu wanajua mimi ni mtu wa Hiroshima. Nilitaka siku ya ufunguzi niwaonyeshe kwa kidole tu, pale. Basi."

Mizue akasema atairudisha. Fusae akakataa. Alisema wale watu wamezeeka, wasisumbuliwe, na yeye ameshazoea. Alivaa mkoba wake, akashukuru kwa chai mara mbili, akaenda kituoni.

Mtu akikwambia amezoea, mwangalie mkono. Wa Fusae ulikuwa umekishika kikombe muda wote bila kukinywa. Mizue aliimwaga ile chai, akakifungua kisanduku cha mabaki, akaitoa nyumba, akaenda nayo kwa bosi.

Bwana Nagami alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake. Hakusema hapana. Alisema karakana haiwezi kubadili kitu ambacho chama kimetilia saini, maana leo ukiongeza nyumba bila ruhusa, kesho hakuna kijiji kitakachokuamini. "Ukitaka irudi, nenda kaiombe kwa aliyeing'oa," alisema. "Usiniangalie mimi. Mke wangu tu ananishinda, nitamuweza Kurahashi?"

Watu wa Kayatani walihamishiwa kando ya barabara kuu, kwenye nyumba zilizopangwa mstari mmoja. Mzee Tokuzo alimpokea Mizue vizuri. Mkewe, Bibi Sadako, aliyeolewa katika nyumba hiyo tangu Kayatani, alileta chai na biskuti za mchele, akakaa nyuma kidogo ya mumewe na kazi yake ya kushona. Mizue akaiweka ile nyumba mezani, akaeleza nani alikuja karakana. Sindano ya Sadako ikasimama, kisha ikaendelea.

Mzee hakuigusa nyumba. Wala hakukasirika, na hilo ndilo lililomchanganya Mizue, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kwa hasira.

"Unadhani namchukia Inada?" aliuliza. "Inada alikuwa na sauti ya kuimba kuliko sisi sote. Sherehe za mavuno baada ya kumtenga zilikuwa mbovu, hata mbwa walikuwa hawaji."

"Basi ni kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu kiliamua kikao. Nyumba zote. Linalofungwa na nyumba zote hufunguliwa na nyumba zote, siyo mimi nikiwa nimekaa hapa na biskuti. Tulikuwa tumfungulie. Kila mwaka tulisema mwaka huu. Halafu likaja hili la bwawa, kila mtu akawa na mizigo yake, makaburi ya kuhamisha, ng'ombe wa kuuza. Tukasahau." Alisogeza sahani ya biskuti. "Tulisahau, binti. Siku tunakumbuka, maji yameshafika kwenye mapaa na nusu ya wale wa kikao wamekufa. Kijiji kikafa na neno lake mdomoni. Sasa mimi ni nani wa kulitoa?"

Mizue aliona kwamba mzee huyu hasemi uongo, na kwamba alipoing'oa ile nyumba alikuwa anatii amri ambayo haina tena mtu wa kuifuta. Akauliza kuhusu kutengwa kwenyewe: yalikatazwa yapi.

Mzee akahesabu kwa vidole. Salamu. Kupanda mpunga. Kuezeka. Harusi. Uzazi. Ugonjwa. Mafuriko. Safari. Yote hayo nyumba ya Inada iliyafanya peke yake. Mawili tu hayakukatazwa, kwa kuwa hayakatazwi popote: nyumba ikiungua mnakwenda, na mtu akifa mnakwenda.

"Moto hauchagui jirani," alisema. "Na maiti hana kosa. Msiba ni wa wote."

Hapo ndipo Bibi Sadako alipokata uzi kwa meno.

"Na hilo jambo lenu la Jumamosi," aliuliza, "ni harusi?"

"Jambo gani?"

"La makumbusho. Mtapanda basi wote, mtasimama mbele ya kijiji kilichokufa, mtakitazama, mtasema maneno mazuri juu yake, halafu mtakula na kurudi nyumbani. Mimi nauliza tu, mzee, maana nataka kujua nivae nini. Ni harusi ile?"

Mzee Tokuzo alikitazama kikombe chake. Mwishowe mzee akasema giza linaingia mapema siku hizi na barabara inateleza, akamsindikiza mlangoni. Ile nyumba Mizue aliisahau mezani, au tuseme alijisahaulisha.

Siku zilizofuata hakupata neno lolote. Walipakia kijiji kwenye lori, wakakisafirisha, wakakipanga chini ya taa zake, na miti ilikuwa palepale. Mizue alilala vibaya na kuwakaripia wenzake kwa mambo madogo. Alijua kwamba asipopewa ruhusa hataiweka ile nyumba, na kwamba asipoiweka hatakipenda tena kijiji hicho.

Jumamosi, mkurugenzi wa makumbusho, kijana nadhifu aliyekuwa amefunga utepe mwekundu na mweupe wa sherehe mlangoni, alisimama nje kuwapokea wageni. Basi likafika. Alishuka Mzee Tokuzo, suti nyeusi, tai nyeusi. Nyuma yake wazee wote, wamevaa nyeusi tupu, wanawake na mikoba yao myeusi ya msibani, bila hereni, bila rangi ya midomo. Mkurugenzi akapigwa na butwaa, akauliza kwa sauti ya chini ni nani amefariki.

"Kayatani," alisema Mzee Tokuzo. "Hukupata habari?"

Akaingia ndani moja kwa moja hadi kwenye meza. Wengine wakakizunguka kijiji, vichwa chini. Akamtafuta Mizue kwa macho.

"Binti," alisema, "iondoe hiyo miti."

Mizue akachukua koleo lake dogo. Gundi ilikuwa imeshika sawasawa, na kila mti ulitoka na kipande cha ardhi. Watu wakasubiri bila kuharakishana, na mkurugenzi, aliyekuwa ameanza kuitazama saa yake, aliacha. Mti wa mwisho ulipotoka, alifika Fusae, amevaa nyeusi, na wajukuu wawili.

Baadaye ndipo Mizue alipojua jinsi Fusae alivyoitwa. Wazee wawili walikuwa wamesafiri mpaka Hiroshima kwa treni, wawili kwa sababu taarifa ya msiba kwa watu wa Kayatani haipelekwi na mtu mmoja, wakapiga hodi, wakainama. Walisema: nyumba ya Inada, Kayatani imefariki, mazishi Jumamosi. Hawakuingia ndani wala hawakunywa chai, kwa maana mpeleka taarifa hanywi. Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya kijiji kwa nyumba ile tangu mama yake Fusae azikwe.

Mzee Tokuzo akatoa mfukoni kitambaa cheupe, akakifungua. Akampa Fusae ile nyumba kwa mikono miwili. Hakusema pole, hakusema samahani, na nadhani angesema lolote kati ya hayo pangeharibika. Fusae akainama juu ya kijito. Aliiweka, akaigeuza kidogo mlango utazame mashariki, akatoa mkono. Mzee akaandika kibendera mwenyewe, Inada, akakichomeka. Wajukuu wakasogea, wakaonyeshwa kwa kidole. Mizue alilia, na hakuona sababu ya kujificha.

Fusae akarudi nyuma mpaka karibu na mlango, mahali wanapokaa watu wasio wa kundi.

"Mimi na watoto tusimame hapa, mzee?"

"Usimame?" Mzee Tokuzo alimgeukia kama mtu aliyetukanwa. "Kwenye msiba wa Kayatani nani amewahi kusimama tu? Wenzako wako jikoni wanahangaika na chai. Nenda."

Fusae hakwenda. Uso wake wote ukawa wa yule msichana wa njiani.

"Na kesho?" aliuliza.

Mzee alikitazama kijiji, nyumba kwa nyumba, kuanzia darajani kwenda juu.

"Kesho kijiji hakipo, Fusae," alisema. "Leo tunakizika. Nani atabaki wa kukunyamazia?"

Jiko la makumbusho lilikuwa kichumba cha wafanyakazi, sinki moja na birika la umeme. Mizue alikwenda nyuma yake akibeba trei, akasimama mlangoni kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi. Wanawake wa Kayatani walikuwa wamejipanga begani kwa bega, huyu anaosha, huyu anamimina. Mwisho wa mstari Bibi Sadako, mikono ya nguo imekunjwa, alikuwa anapanga vikombe. Hakuinua kichwa. Alisogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja mwembamba, akavuta kitambaa kikavu begani mwake, akakinyoosha pembeni.

"Umechelewa, Fusa," alisema, kwa jina la utotoni.

Fusae akakipokea kile kitambaa.

"Nimechelewa, dada," alisema, akaanza kufuta vikombe.